Uliza Mwalimu: Jua linachunguzwaje kutoka shimoni?

SWALI: Mulembe Mwalimu. Mimi ni mchimba dhahabu hapa Ikolomani, Kakamega. Kijana wangu wa Kidato cha Tatu amekuja likizo na habari kwamba kuna wanasayansi wanaoshuka migodini ili wachunguze Jua. Nikamwambia mtu akiwa shimoni, hata iwe saa sita mchana, haoni mkono wake bila tochi. Yeye ameshikilia kwamba ni kweli, amesoma. Tuamue, tafadhali.
Mzazi, Ikolomani

JIBU: Mulembe muno, baba. Kijana hakukudanganya, na hilo giza lako ndilo wanalolifuata kule chini, ingawa si giza la macho peke yake.

Tuanzie kwenye Jua lenyewe. Katikati yake, ambako joto hufika nyuzi milioni 15, viini vya haidrojeni hugongana na kuungana, hatua kwa hatua, mpaka vinne vikawa kiini kimoja cha heliamu. Kila sekunde Jua hutumia tani zipatazo milioni 600 za haidrojeni kwa kazi hiyo, na kama tani milioni 4 kati ya hizo hugeuka nishati. Nishati hiyo ndiyo inayokomaza mahindi yako. Lakini kila mara viini vinne vinapokamilisha safari hiyo, huchomoka pia chembe mbili ndogo mno zinazoitwa nyutrino. Hazina chaji ya umeme, uzito wake ni kama haupo, na ni nadra sana ziguse kitu. Nishati ya mwanga inayozaliwa kule ndani hurushwa huku na huku kwa maelfu mengi ya miaka kabla haijafika kwenye uso wa Jua. Nyutrino hutoka kwa sekunde mbili hivi, na baada ya dakika nane na ushee ziko Ikolomani.

Ni nyingi kiasi gani? Tazama ukucha wa kidole gumba chako. Eneo la sentimita moja ya mraba hupitiwa na nyutrino za Jua zipatazo bilioni 60 kila sekunde. Mchana huingilia utosini, usiku hutokea chini zikiwa zimeivuka Dunia nzima. Mimi nakaa Maseno, karibu na ile alama ya ikweta kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Nilipokuwa nafundisha, kila Machi, tarehe 20 au 21, nilikuwa nikiwatoa wanafunzi uwanjani na kuwapanga kuuzunguka mlingoti wa bendera. Ikikaribia saa saba kasoro dakika kumi, kivuli cha mlingoti hunywea, hunywea, hadi kikaishia kwenye zege la msingi wake. Basi usiku wake, saa kama hiyohiyo, Jua huwa liko chini ya nyayo zetu moja kwa moja, nyuma ya kilomita 12,700 za mwamba na chuma, na nyutrino zake zinatupanda kutoka kwenye nyayo hadi utosini kana kwamba katikati hapana kitu. Nikishasema hivyo, lazima utaona watoto wawili watatu wakinyanyua mguu.

Sasa, kitu kinachopenya Dunia nzima utakinasaje? Huwezi kukizuia. Unachoweza ni kukusanya mahali pamoja mzigo mkubwa wa kitu fulani, mamia au maelfu ya tani, ukaingoja ile nyutrino moja kati ya mabilioni ya mabilioni itakayogonga atomu na kuacha alama. Alama yenyewe ni hafifu mno, na hiyo ndiyo sababu ya kushuka mgodini. Huku juu tunanyeshewa na chembe nyingine, myuoni, zinazozaliwa pale miale ya kutoka anga za mbali inapogonga hewa yetu. Nyoosha kiganja: karibu myuoni moja inakipenya kila sekunde. Ukiweka chombo chako juu ya ardhi, myuoni zitakipiga usiku na mchana, na ile alama moja ya nyutrino itapotelea humo. Lakini mwamba huzimaliza myuoni nguvu, tofauti na nyutrino, na kadiri unavyoshuka ndivyo zinavyopungua. Kwenye mgodi wa nikeli wa Creighton, karibu na Sudbury nchini Kanada, kilomita 2 chini, kifaa kizima chenye upana wa mita kadhaa wa kadhaa kilipitiwa na myuoni kama 70 tu kwa siku.

Kwa hiyo hawashuki ili walisogelee Jua wala ili walione vizuri zaidi. Wanashuka ili mwamba uwazuilie kila kitu kingine, kwa kuwa nyutrino haijali mwamba.

Wewe ni mtu wa dhahabu, basi nikupe kisa cha mgodi wa dhahabu. Homestake ulikuwa mgodi katika mji wa Lead, jimbo la South Dakota, Marekani. Katika miaka ya 1960 mkemia Raymond Davis alichimbiwa chumba humo, karibu mita 1,480 chini. Likajengwa tangi, likajazwa lita zipatazo 380,000 za perikloroethilini. Dawa hiyo unaijua kwa pua hata kama hujui jina lake: ni ile yenye harufu tamu kidogo inayokupokea ukiingia duka la drai klina mjini Kisumu kuchukua suti. Davis hakuwa na haja na usafi. Alitaka klorini iliyomo ndani yake. Nyutrino yenye nguvu ya kutosha ikigonga atomu ya klorini ya aina fulani, huigeuza kuwa atomu ya argoni, na argoni hiyo ni nururishi, yaani haidumu, huoza yenyewe na kugeuka kuwa atomu nyingine. Kila siku 35 zikipita, nusu yake imeoza. Kila baada ya majuma kadhaa Davis alipuliza heliamu ndani ya tangi ili ikokote argoni nje, akaipitisha kwenye mkaa uliopozwa kwa baridi kali ili inaswe, kisha akaihamishia kwenye kijichombo cha kuhesabia. Humo zikawa zinaoza moja moja, kila moja ikitoa mshtuko wake mdogo wa umeme.

Tani 615 za dawa, na unatafuta atomu unazoweza kuzihesabu kwa vidole.

Mwenzake John Bahcall, aliyepiga hesabu za Jua, alisema zitazaliwa kama atomu moja na nusu kwa siku. Davis akapata kama moja kwa siku mbili, yaani theluthi tu. Matokeo ya kwanza yalitoka 1968, na kelele zikaanza. Wengine walisema argoni inampotea tangini. Akaingiza argoni ya kiasi alichokijua, akaitoa, akaipata karibu yote. Wengine wakamgeukia Bahcall kwamba hakulijua Jua. Bahcall akazirudia hesabu zake mara nyingi, zikabaki palepale. Mambo yakakaa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Davis aliendelea kuhesabu hadi 1994, jumla ya atomu zipatazo 2,000, na hakulipindisha jibu lake ili lilingane na la mtu yeyote. Wanasayansi ninaowaheshimu ni wengi, lakini huyu ninampenda. Alipokabidhiwa Tuzo ya Nobel Desemba 2002, alikuwa na umri wa miaka 88.

Aliyegawana naye tuzo kwa kazi hiyo ya nyutrino ni Masatoshi Koshiba wa Japani, na njia yake ilikuwa maji. Kifaa kikubwa kilichotokana na kazi ya Koshiba kinaitwa Super-Kamiokande, nacho kiko mgodini vilevile, huko Kamioka, chini ya mita 1,000 za mlima. Kilianza kazi 1996. Ni tangi la chuma cha pua lenye kimo cha mita 41, lilijazwa tani 50,000 za maji yaliyochujwa hadi hayakuwa na chochote ila maji. Kuta za ndani zimepangwa balbu za kioo zaidi ya 11,000, kila moja ina upana wa nusu mita. Balbu hizi hazitoi mwanga, zinaupokea, hata ule mdogo kabisa.

Mwanga huo unatoka wapi, katika tangi lililofungwa lenye giza totoro? Nyutrino ikigonga elektroni majini, elektroni hutimka kwa mwendo unaoupita mwendo wa mwanga ndani ya maji. Usinielewe vibaya: hakuna kinachoupita mwanga penye utupu, lakini ukiingia majini mwanga hupungua hadi kama robo tatu ya mwendo wake. Simama ufuoni Dunga utazame boti ya injini inayokwenda kasi kuliko mawimbi yake yenyewe. Mawimbi hushindwa kuitangulia, hujikusanya pande mbili yakaifuata kwa nyuma kama ncha ya mkuki. Elektroni huyafanya hayohayo kwa mwanga: huacha mwanga wa buluu wenye umbo la pia, unaosafiri hadi ukutani na kuchora duara. Balbu zilizoguswa na duara hilo huipa kompyuta habari, na kompyuta hupiga hesabu ya mahali elektroni ilipoanzia na upande ilikoelekea. Kwa kawaida elektroni huelekea kule nyutrino ilikokuwa inakwenda. Ukiufuata mstari kinyumenyume, unafika kwenye Jua.

Ndivyo ilivyo pia usiku, Jua likiwa upande wa pili wa Dunia. Super-Kamiokande hunasa nyutrino za Jua kama 15 kwa siku, na kutokana na alama za miaka mingi wametengeneza picha ya Jua iliyopigwa kutoka chini ya mlima. Ni doa lenye ukungu, pana kuliko Jua la kweli linavyoonekana angani, kwa sababu elektroni haifuati njia ya nyutrino sawasawa. Mimi ningeiweka sebuleni penye picha za familia.

Sasa ile theluthi ya Davis. Jibu lilitoka Sudbury. Nyutrino ni za aina tatu: ya elektroni, ya myuoni na ya tau. Jua hutengeneza ile ya elektroni tu, na klorini ya Davis ilikuwa na uwezo wa kugeuzwa na hiyohiyo tu. Je, kama zinabadilika aina njiani? Mwanafizikia Bruno Pontecorvo alishaliwaza wazo la namna hiyo zamani, lakini lilihitaji ushahidi. Wanasayansi wa Sudbury, wakiongozwa na Arthur McDonald, waliazima tani 1,000 za maji mazito, yaani maji ambayo haidrojeni yake ina nyutroni ya ziada kwenye kiini, yenye thamani ya dola za Kanada milioni 300. Wakayaweka ndani ya tufe la akriliki lenye kipenyo cha mita 12. Kila aliyeshuka kwenda kazini alioga na kubadili nguo kabla ya kuingia, kwa maana hata vumbi la mgodini lina chembechembe za urani na thori zinazotoa mionzi, na vumbi hilo lingeharibu hesabu.

Uzuri wa maji mazito ni kwamba yanakupa hesabu mbili kwa mpigo. Nyutrino ya elektroni inaweza kukipasua kiini kizito na kutoa elektroni. Lakini nyutrino ya aina yoyote ile, zote tatu, inaweza kukivunja na kuiachia nyutroni. Kwa hiyo ukihesabu elektroni unajua zile za aina moja, na ukihesabu nyutroni unajua jumla. Katika awamu ya pili, ili wazinase nyutroni vizuri zaidi, walikoroga humo tani 2 za chumvi, hii ya kawaida, kwa kuwa klorini iliyo ndani ya chumvi huzidaka. Matokeo ya 2001 na 2002 yakaweka mambo wazi. Jumla ya nyutrino ilikuwa ileile aliyoitabiri Bahcall. Zile za elektroni zilikuwa kama theluthi yake, kama alivyosema Davis. Zilizobaki zilikuwa zimeshageuka aina nyingine kabla ya kufika kwetu, na chembe isiyo na uzito kabisa haiwezi kugeuka hivyo. Ndiyo maana sasa tunajua kwamba nyutrino ina uzito, japo ni mdogo kupita kiasi. McDonald alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 pamoja na Takaaki Kajita wa Super-Kamiokande.

Mwambie kijana jambo moja zaidi, maana mara nyingi halitajwi. Nyutrino ya kwanza kunaswa ambayo haikutoka kwenye mtambo wa binadamu ilinaswa Afrika, tarehe 23 Februari 1965, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand, Boksburg, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 3 chini. Walioongoza kazi hiyo ni Frederick Reines na Friedel Sellschop. Haikuwa ya Jua, ilizaliwa kwenye hewa ya Dunia. Mwaka huohuo kundi jingine lilizinasa Kolar, India, nako ni mgodi wa dhahabu. Hakuna hata kimoja kati ya vyumba hivyo kilichojichimba. Ni watu wa kazi yako waliopasua mwamba na kuutegemeza ili mwingine aje kuhesabu. Na wewe, baba, mvua zikizidi usishuke.

SWALI: Mwalimu, nilisikia redioni kwamba kuna chembe kutoka juani zinazopenya mpaka ndani ya nyumba, iwe ya mabati au ya mawe. Mimi ni mjamzito. Nijifunike na nini?
Mama mtarajiwa, Ahero

JIBU: Usijifunike na kitu, mama. Chembe hizo ni nyutrino nilizozieleza hapo juu. Haziumizi kwa sababu haziugusi mwili wako wala wa mtoto. Ndiyo sababu watu wanajenga matangi ya maelfu ya tani na bado wanapata chache tu kwa siku. Zimekupitia tangu ulipokuwa wewe mwenyewe tumboni mwa mama yako. Jua la kujihadhari nalo ni lile la saa saba mchana shambani: vaa kofia, kunywa maji, pumzika kivulini, na kliniki usiikose.

SWALI: Sisi ni klabu ya sayansi, Nakuru. Kwa kuwa Menengai kuna visima virefu vya mvuke, je, haiwezekani kuweka humo kifaa cha nyutrino? Na sisi wenyewe tunaweza kutengeneza kidogo?
Mlezi wa klabu

JIBU: Visima vya Menengai vimeshuka zaidi ya kilomita 2, kina hicho kingetosha. Lakini ni vyembamba, na chini kabisa joto linapita nyuzi 300. Kifaa cha nyutrino kinataka ukumbi mpana, wenye ubaridi, na usafi ambao ni vigumu kuueleza. Kile cha Borexino, ndani ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, kilikuwa na kama tani 280 za mafuta yanayometa yakiguswa na chembe, zimefungwa ndani ya puto la nailoni, na miaka mingi ilitumika kuyasafisha mafuta hayo mpaka mionzi ya asili ikakaribia kwisha kabisa. Faida yake ilionekana. Mwaka 2014 walitangaza kwamba wamezipima nyutrino za ule mgongano wa kwanza kabisa wa protoni mbili, ambao ndio chimbuko la karibu nishati yote ya Jua. Nguvu waliyoisoma humo, ya Jua la dakika nane zilizopita, ililingana na ya mwanga tunaouona leo, ambao nishati yake ilianza safari kule ndani maelfu mengi ya miaka nyuma. Hiyo ina maana Jua halijabadilika muda huo wote.

Nyutrino hamtaiweza. Myuoni mtaiweza, tena mtaiona kwa macho yenu, na hiyo ndiyo chembe inayowafukuza wengine kwenda migodini. Tafuteni chombo cha plastiki angavu au kioo, kikubwa kama sufuria ya ugali wa watu kumi. Bandikeni sponji ndani yake upande wa kitako, iloweni kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa haitafaa. Kigeuzeni chombo kifudifudi juu ya bamba la chuma lililopakwa rangi nyeusi, zibeni ukingo hewa isipite, na bamba lilale juu ya barafu kavu, ile inayotumika kusafirishia vitu vinavyotakiwa kubaki kwenye baridi kali. Zimeni taa, mulikeni tochi kutoka ubavuni, ngojeni kama robo saa. Mvuke wa alkoholi utashuka na kupoa, na palipo karibu na bamba utakuwa tayari kuganda kuwa ukungu ukiguswa tu. Mtaona nyuzi za ukungu zikijichora na kufutika. Zile ndefu, nyembamba, zilizonyooka, nyingi ni za myuoni. Zile fupi na nene ni za radoni, gesi nururishi inayotoka ardhini na iliyomo hewani mwa chumba chenu.

Barafu kavu ishikwe kwa glavu nzito, ikiunguza imeunguza. Madirisha yawe wazi, maana inapoyeyuka hutoa kabonidioksidi, na pasiwe na moto wowote karibu na alkoholi. Mwalimu awepo mwanzo hadi mwisho. Mkifanikiwa, nitumieni hesabu yenu: nyuzi ndefu ngapi kwa dakika, na bamba lenu lina upana gani. Nitazichapisha.